Salamu Niliyoikata

Kazi inayoniweka mjini ni ukalimani. Mahakamani, hospitalini, kokote ambako mtu wa Kiswahili amekwama mbele ya mtu wa Kiingereza, mimi huitwa. Sheria ya kazi hiyo ni fupi: usiongeze, usipunguze. Mtu akitukana, nawe unatukana, kwa sauti ya kistaarabu. Akinyamaza, unanyamaza. Nimeifanya miaka mingi na hakuna hakimu aliyewahi kunionya kwa neno lililozidi.

Kazi inayonitoa jasho ni tamthilia. Naandika, naongoza, na nikiupenda mchezo wa mtu mwingine nautafsiri. Huko nimeongeza na kupunguza nilivyotaka, tena bila haya, na yote ninayosimulia hapa yalianzia kwenye nyongeza moja.

Miaka kumi na mitatu iliyopita nilikuta mchezo wa Kiingereza ndani ya boksi la vitabu vilivyotupwa na maktaba. Ni mchezo wa siku hizi, wa huko Uingereza kwenyewe, una watu watatu na jiko. Baba yuko kwenye kiti, anasikiliza redio. Mama anamenya viazi. Binti yao, aliyeondoka bila kuaga na kukaa miaka tisa bila hata kupiga simu, anaingia na begi. Hakuna anayeinua kichwa. Baba anasema maji ya chai yamechemka. Mama anauliza kama mvua imeanza. Kwa muda wa saa moja na nusu wanazungumzia bomba linalovuja, basi linalochelewa na paka wa jirani, na katikati ya maneno hayo mwandishi ameandika "kimya" mara nyingi kuliko jina la mtu yeyote. Mwishoni binti anachukua begi lake. Akiwa ameshika kitasa, baba anasema, bila kugeuka: "Mlango unakwama. Uvute kwa nguvu." Taa zinazimwa.

Niliusoma nimesimama palepale kando ya barabara, na mstari ule wa mwisho ukanitoa machozi. Yule baba alikuwa na mengi ya kumwambia mwanawe, na yote yakaishia kwenye habari ya mlango.

Nikautafsiri. Nikatafuta waigizaji miongoni mwa wahamiaji wenzetu wa mitaa ya Berea na Hillbrow, tukapata ukumbi wa kanisa moja la Wakongo. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, lakini mchungaji wa pale ni mtu mwema. Alichoomba ni tusiguse ngoma za kwaya. Wa kuigiza baba nilimpata mlinzi, Mkongo wa Uvira, anayelinda jengo la ofisi kule Sandton kwa matajiri. Sote tunamwita Papa. Wakati ule alikuwa na miaka arobaini na kidogo, tukawa tunampaka unga kichwani awe mzee. Mama akawa mke wake wa kweli, fundi cherehani. Yeye alikubali kwa sharti moja, apewe viazi vya kweli, maana alisema hawezi kumenya hewa. Basi kila zoezi lilimaliza mfuko wa viazi, na kila zoezi likiisha tulikaanga chipsi kwenye jiko letu la jukwaani, lile la umeme la sahani mbili. Msichana aliyeigiza binti wakati ule naamini alidumu kwa ajili ya chipsi.

Zoezi la kwanza kabisa tulikwama pale pa kuingia. Papa alikataa.

"Mama Direktrisi," aliniambia, "mutoto anaingia mu nyumba ya baba yake, hata jambo hakuna? Na mi nabakia tu na redio? Batu batasema mi ni mugonjwa."

Mkewe akamuunga mkono. Nami, nikiwa mkweli, nilikuwa mwoga. Niliogopa watazamaji wataona tumewaletea wendawazimu watatu jikoni. Nikakaa na kalamu, nikaongeza. Binti akapiga hodi. Mama akaitika, akaacha viazi, akampokea begi. Wakaulizana hali, na za njiani, na za huko alikotoka. Papa nikamwandikia mstari kutoka kichwani mwangu, kwa Kiswahili chake mwenyewe ili umkae mdomoni: "Karibu nyumbani, mtoto yangu. Umekula?"

Watu waliupenda mchezo. Tuliucheza Jumapili tano, mchana, baada ya ibada, na dakika ya kwanza tu akina mama walikuwa wameshatoa leso. Lakini ilipofika "Mlango unakwama" ukumbi mzima ulicheka. Wangefanyaje? Baada ya kukumbatiana kote kule, mstari ule ulibaki kuwa habari ya fundi seremala. Jumapili zote tano walicheka, nami nyuma ya pazia nikisaga meno.

Mtazamaji mmoja hakukosa hata siku moja. Alikuwa binti wa Papa na mkewe, mwenye miaka kumi na mitatu, amezaliwa hapahapa. Kiswahili alikielewa chote, ila ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Alikaa mstari wa mbele, na baba yake akifika pale pa "Umekula?" alimwigiza kwa midomo, neno kwa neno. Mama yake aliniambia kwamba hata nyumbani huo ndio ulikuwa mchezo wake: mgeni akibisha, yeye anakwenda mlangoni, anaikaza sauti iwe nzito, "Karibu nyumbani, mtoto yangu. Umekula?" Hicho ndicho Kiswahili pekee nilichowahi kumsikia akikisema.

Mwaka jana nikaamua kuurudisha mchezo jukwaani. Nilikuwa nimetoka mahakamani, kesi ndefu, siku nzima nikipima kila neno la watu, nikafika nyumbani nikaifungua ile tafsiri yangu ya zamani. Niliona aibu. Mwandishi wa watu aliandika kimya, mimi nikamwekea soga. Ingekuwa mahakamani, wangenifukuza siku ileile. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata hodi, nikakata karibu, nikakata za njiani. Nilipofika mstari wa Papa nilikandamiza mpaka karatasi ikachanika.

Papa sasa hakuhitaji unga, mvi zake zilikuwa zimeshajitosheleza. Mkewe alikubali palepale, kwa sharti lake lilelile la viazi. Papa alisitasita, akasema zamu zimembana, halafu siku ya tatu akapiga simu kusema amekubali. Sikuuliza kilichombadilisha. Wa kuigiza binti nilimchukua msusi mmoja wa Hillbrow, mtoto wa Dar, ana mdomo lakini anajifunza upesi.

Niliwafundisha kimya kwa kuhesabu. Binti akiingia, kila mmoja ahesabu moyoni moja mpaka tano, ndipo mama aulize habari ya mvua.

"Anti," msusi akauliza, "kwani hawa Wazungu hawana salamu?"

"Wanazo. Hawa wa humu hawataki kuzitoa."

"Basi wana roho mbaya."

"Sawa, wana roho mbaya. Ingia."

Akaingia. Nikahesabu. Ilipofika tatu, Papa akasimama. Alisimama tu, mgongo wima, mikono nyuma. Nikacheka, nikamwambia hapa si getini, akae. Tukarudia, akasimama. Mara ya tatu alikaa, nikafurahi, na palepale ikamtoka: "Karibu nyumbani, mtoto yangu. Umekula?"

"Papa, huo mstari nimeukata!"

"Najua, Mama."

"Sasa mbona unausema?"

"Inatoka yenyewe."

Ilikwenda hivyo wiki mbili. Mimi hasira zangu ziko karibu, hilo kila aliyefanya kazi na mimi analijua, na zoezi la sita ziliruka. Nilimwambia ameshikwa na adabu za kijijini, kwamba anaogopa midomo ya watu, kwamba mtu mzima asiyeweza kunyamaza mpaka tano ni bora akalinde tu majengo, nami nitatafuta baba mwingine. Msusi aliinamisha kichwa. Papa alichukua kofia yake.

"Sawa," alisema. "Tafuta."

Nilimtazama kupitia dirisha. Alifika kwenye robot, taa za barabarani za pale pembeni, ikawa ya kijani kwa waendao kwa miguu, wenzake wakavuka. Yeye alibaki kando ya barabara. Ikawa nyekundu, ikarudi ya kijani, bado amesimama.

Mkewe hakumfuata. Alikimaliza kiazi alichokuwa nacho mkononi, akakitia kwenye maji, akafuta kisu. Alingoja msusi atoke.

"Dada," akaniambia, "ile kitu unamuomba afanye, alishaifanya."

Akanieleza, kwa sauti ya chini na bila machozi. Binti yao, yuleyule wa mstari wa mbele, alipofika miaka ishirini alihamia kwa mwanamume bila kuwaambia. Hakuna aliyekuja kumposa, hakuna mzee aliyetumwa. Walipata habari kwa majirani. Miaka miwili baadaye, Jumapili moja, alirudi peke yake na begi. Mlango ulikuwa wazi. Papa alikuwa kwenye kiti chake, redio inatangaza mpira. Hakuinua kichwa. Binti alisimama pale mpaka maji ya chai yakachemka. Mama akamimina kikombe, kikapoa mezani. Binti akachukua begi lake akaondoka, na tangu siku ile miaka mitatu hajakanyaga. Anafanya kazi ofisini huko Sandton, mitaa mitatu kutoka geti analolinda baba yake. Papa aliomba zamu ya usiku ili asimwone akipita.

"Jengo yetu yote inajua," alisema mkewe. "Na ndio batu batakuja kuangalia. Sasa unamuambia akae mbele yao, afanye tena."

Nilijisikia mdogo. Wiki mbili nilikuwa nikimfokea mtu kwa ajili ya mila, kumbe lilikuwa donda lake. Nikamwambia basi, mchezo tunauacha. Au nirudishe salamu, liwalo na liwe, waucheke mlango wao.

"Hapana," alisema. "Usirudishe. Alikuwa anakataa, mi ndio nilimusukuma akubali. Nataka aione."

"Ataionaje, naye yumo ndani yake?"

"Batu batamuonyesha."

Kesho yake Papa alikuja mwenyewe kabla ya saa, kofia mkononi. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. "Mama Direktrisi, nitafanya vile iliandikwa. Hata itokee nini, mi sisimame." Na kweli, kuanzia siku ile hakusimama. Alikaa, akahesabu, vidole vikigonga goti lake. Sikumsifu, maana nilijua ninachomtoza.

Jumapili ya kwanza mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku. Hata hivyo ukumbi ulijaa. Walikuwepo waumini wa pale, mafundi cherehani, wasusi, wafanyabiashara wetu wa Kitanzania, na Wakenya wachache waliotoka Sandton na magari yao wakawa wanauliza kama mtaa una usalama wa kuegesha. Mimi nilizunguka nikikagua kila kitu: redio, begi, viazi, jiko. Mlango sikuukagua. Ulikuwa mlango wa kweli, tuliununua kwa wabomoaji wa majengo, na mazoezi yote ulifunguka vizuri mno hata ikambidi msusi aigize kwamba umekwama. Jumamosi ulitolewa barazani ili ukumbi upigwe deki, na ukalala huko. Mbao zikanywa mvua usiku kucha.

Msusi akaingia na begi, mlango uliokuwa wazi akausukuma nyuma yake. Hodi hakuna. Moja. Mbili.

"Hodi iko wapi?" sauti ikatoka nyuma.

"Msalimie baba yako, we mtoto!"

Tatu. Papa akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya redio. Mama mmoja wa mstari wa pili, mnene, mwenye kitenge cha kanisa, akampigia kelele: "Na wewe baba, humuone mutoto?" Nne. Tano. Mkewe akauliza kama mvua imeanza, na mvua ikawa inapiga bati juu yetu, lakini hakuna aliyecheka.

Walisemeshana na jukwaa kwa muda kidogo, kisha wakanyamaza. Bomba likavuja, basi likachelewa, paka wa jirani akapotea. Sijawahi kuwasikia watu wetu wamenyamaza hivyo. Watoto wenyewe waliacha kupitapita. Nilijua mchezo umeshika, na nikafurahi, nisiseme uongo. Nilijifurahia mwenyewe nikasahau ni nani aliyekaa kwenye kile kiti.

Msusi akachukua begi, akashika kitasa.

"Mlango unakwama," Papa akasema. "Uvute kwa nguvu."

Hakuna aliyecheka. Msusi akavuta. Mlango haukufunguka. Akavuta tena, fremu yote ikatikisika, mlango uko palepale. Akanitupia jicho nyuma ya pazia.

"Papa, mufungulie mutoto!" yule mama wa mstari wa pili akaita. Wengine wakadakia. "Mfungulie! Simama, mzee! Simama!"

Papa hakusimama. Alishika mikono ya kiti kwa vidole vyote, macho kwenye redio, machozi yakimteremka mpaka kwenye kidevu. Mimi niliyemfokea wiki mbili akae, nilikuwa nyuma ya kitambaa nikisema moyoni simama, Papa, simama uharibu mchezo. Lakini alikuwa ameniahidi. Msusi akaegemeza mguu kwenye fremu, akavuta kwa mikono miwili, mlango ukaachia kwa kishindo, akatoka. Taa zikazimwa. Kabla ya makofi, gizani, nikamsikia yule mama, safari hii kwa sauti ya kawaida: "Aa. Baba gani huyu."

Walipiga makofi muda mrefu. Papa aliinamisha kichwa mara moja, hakutabasamu, akaenda kubadili nguo.

Watu walipokuwa wametawanyika, saa kumi na moja hivi, nilimkuta kando ya meza ya jukwaani ameshavaa sare ya ulinzi. Zamu yake inaanza saa kumi na mbili. Mkewe alikuwa akikusanya viazi vilivyomenywa.

"Mama," aliniambia, "wewe ni mukalimani."

"Ndiyo, Papa."

"Nipigie mutoto. Kiingereza yake iko mbio, mi siifikie."

Nilijua, naye alijua kwamba najua, kwamba binti anaelewa Kiswahili chote. Alichotaka ni mtu wa kusimama katikati. Mkewe alinipa simu yake, namba ikiwa tayari kwenye kioo. Sijui alikuwa ameitafuta saa ngapi.

Binti aliitika kwa Kiingereza. Nikamwambia mimi ni nani, kwamba baba yake yuko hapa kando yangu, anataka kusema naye, nami nitatafsiri. Hakukata. Nikafungua spika, nikamsogezea Papa.

Papa akanyamaza. Nami nikajikuta nahesabu. Moja, mbili, tatu. Mdomoni nilikuwa na maneno mazuri tayari, mengi: baba yako anakusalimu, baba yako anajuta, baba yako hana usingizi. Ningeweza kuyasema yote kwa Kiingereza safi. Niliuma ulimi. Tano ikapita. Kumi ikapita. Ilisikika mvua kwenye bati, na upande wa pili mtu anapumua.

"Karibu nyumbani, mtoto yangu," Papa akasema. "Umekula?"

Nilifungua mdomo kutafsiri, mazoea tu. Binti aliniwahi.

"Bado, Papa," binti akajibu kwa Kiswahili. "Bado sijakula."

Nikaiweka simu mezani katikati yao. Mkewe alikuwa ameshachomeka jiko, anamimina mafuta.